Hodi ya Kidawa

Siku hizi kila kitu hufunguliwa kwa jicho, kuanzia mlango wa nje hadi bomba la maji. Ukikitazama kioo chake, kinakutambua.

Mke wangu Kidawa alipolazwa apasuliwe tumbo, muuguzi alileta utepe wa kunata wa kumfumba macho. "Kwenye usingizi wa dawa macho hubaki nusu wazi," alisema. "Yatakauka, yapate vidonda."

Mama yangu akang'aka: "Anayefumbwa macho ni maiti! Mkaza mwanangu yu hai."

Muuguzi akanigeukia mimi. Nikamwambia asimbandike.

Tumbo limepona. Vidonda vya macho vimeacha makovu meupe. Leo tumerudi, Kidawa akausogeza uso kwenye kioo cha mlango.

"Mgeni," mlango ukasema. "Asubiri mwenyeji."

Nikaufungua mimi. Ndani, jiko likamkataa, bomba likamkataa, hata kabati la kanga zake. Mama akajifungia chumbani kwake, hatoki.

Kidawa akapapasa ukuta mpaka kwenye chumba chetu cha kulala. Akasimama nje, mikono kaikunja kifuani.

"Hodi," akasema.

Nikatafuta neno jingine, sikulipata.

"Karibu."