Kengele ya Mlango wa Nyuma

Kengele ililia tena, na fundi cherehani akaiacha sindano katikati ya kola. Tangu asubuhi alikuwa ameinuka mara nyingi kuliko mishono aliyopiga.

"Nakuja, Mheshimiwa," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeajiriwa na mbwa.

Mheshimiwa alikuwa mtoto wa mbwa mwenye miguu mifupi na tumbo lililomtangulia. Jina alilipata usiku wa kwanza tu, alipokataa kulala kwenye boksi lake jikoni mpaka aletewe sweta la fundi. Alipoletewa, akalikojolea. Fundi hakuwahi kufuga mbwa maishani mwake. Siku za mwanzo alimkaripia kwa maneno marefu, mikono kiunoni, na Mheshimiwa alimsikiliza kwa adabu zote, kisha akaenda kuitafuna tepu ya kupimia.

"Mama, usimhutubie," daktari wa mifugo aliyempa mbwa huyo alimwambia. "Neno moja linatosha. Halafu funga kengele ndogo kwenye kitasa cha mlango wa nyuma. Kila ukimtoa, mgusishe pua pale, umpe kipande cha nyama. Atashika haraka. Ila kengele ikilia, acha kazi uende. Maana yake ni moja tu: kuna anayetaka kutoka."

Alishika kweli. Tatizo ni kwamba alishika kupita kiasi.

Na wala fundi hakumleta kwa ajili yake mwenyewe. Alimleta kwa ajili ya baba mkwe. Tangu walipomzika mama mkwe, mzee alijifungia chumbani kwake, mkabala na mlango wa nyuma, pazia limeshushwa, chakula anapelekewa. Uani hakukanyaga tena. Mume wa fundi alikuwa dereva wa lori, leo huku kesho kule, kwa hiyo nyumba nzima ilikuwa ya watu wawili, na mmoja wao hasemi. Fundi akawaza kwamba labda kiumbe kidogo kitamtoa.

Siku aliyompelekea, mzee alimtazama mbwa kwa jicho la pembeni. "Mimi na mbwa wapi na wapi? Mtoe, mwanangu." Akafunga mlango. Fundi ilimuuma, ila alimeza.

Basi akabaki na mbwa wake. Akiwa anakata kitambaa, kengele. Akiwa anapiga pasi, kengele. Mara nyingine alimkuta Mheshimiwa ameshakaa mlangoni, anatikisa mkia. Mara nyingine walikutana kwenye korido, wote wawili mbio kuelekea mlango ule ule.

"Umeshapiga, halafu unakuja kunifuata? Huna hata aibu."

Huko nje hakukojoa hata tone. Alifukuza mkia wake chini ya dirisha la mzee, akaibwekea ndoo, akaiba kibanio cha nguo na kukimbia nacho kana kwamba kuna anayekitaka. Fundi alisimama pale kama mlinzi, pini zimemjaa kifuani, huku kazi za watu zikimsubiri ndani.

"Hana ugonjwa wa kibofu?" alimuuliza daktari.

"Mzima kama mimi. Anakuchezea tu."

Jioni alimpelekea mzee chakula. "Hiyo kengele itaniua," mzee alisema bila kugeuka.

"Pole, baba. Bado anajifunza."

"Na umwambie aache kula sabuni ya kufulia."

"Nitamwambia, baba."

Sahani ilirudi tupu, hata mfupa haukubaki. Fundi alifarijika kidogo. Angalau hamu ya kula ilikuwa imerudi.

Kilichommaliza ni shati la bwana harusi. Kengele ililia, akakimbia, akasimama uani akitazama mkia ukifukuzwa, na aliporudi pasi ilikuwa imeacha sura yake yote mgongoni mwa shati. Alikaa kwenye kiti akalia kidogo, si kwa ajili ya shati peke yake. Kisha akampigia daktari simu, aje amchukue mbwa.

Aligonga kwa mzee. "Baba, Mheshimiwa anarudi leo. Nimeshindwa. Utapumzika na kelele."



"Anarudi wapi?"

"Kwa daktari. Wapo wanaomtaka."

"Haya," mzee alisema. "Wewe ndiye mwenye mbwa."

Fundi alitegemea angalau ahsante. Akambeba Mheshimiwa pamoja na lile sweta, maana sasa ni nani angelivaa, akatoka mlango wa mbele mpaka getini. Daktari alikuwa ameshafika na pikipiki, kikapu kimefungwa nyuma, kifuniko wazi. Fundi alikuwa ameapa hatatoa chozi kwa ajili ya mnyama aliyekula tepu yake. Hakufika mbali na kiapo hicho.

"Bado unaweza kubadili mawazo," daktari alisema.

"Nilimleta amtoe mtu nje. Amenitoa mimi tu, kutwa kucha."

Daktari alinyoosha mikono ampokee. Mheshimiwa akamlamba fundi kidevu, akajikunja ndani ya sweta, wala hakuwa na habari.

Nyuma yao, ndani ya nyumba, kengele ikalia.

Mheshimiwa, akiwa bado kifuani kwa fundi, akainua masikio.