Grisi Mahali pa Mafuta

Bi Tausi, jirani muuza maandazi, anadai mashine ya upepo ya Fundi Kibwana, ile nzito ya kufungulia nati za malori, ilizimwa na jicho la watu. "Ilikohoa mara mbili, ikanyamaza. Nimeona mwenyewe!"

Siwema, binti wa fundi, alimwacha aseme. Alichomoa mpira wa upepo, akafungua boliti nne za nyuma, akapanga kila kipande juu ya gunia kama kilivyotoka. Baba yake alikaa juu ya tairi, akimtazama.

"Polepole, mama. Hiyo si sufuria."

"Sufuria ingekuwa imeshang'aa, baba."

Ndani, vile vibao vyembamba vinavyosukumwa na upepo vilikuwa vimenasa. Siwema alivigusa. Grisi nzito, mpya, imeshindiliwa kwa kidole. Grisi hukaa mbele, kwenye nyundo ya ndani ya mashine; huku nyuma ni matone ya mafuta mepesi tu. Baba ndiye aliyemfundisha hivyo.

"Umeona nini?"

"Uchafu tu."

Mzee aliinama, akaangalia. "Ni mimi," alisema. "Jana. Mkono ulikwenda wenyewe."

Siwema aliosha vibao kwa mafuta ya taa, kimoja kimoja, mpaka vikateleza vyenyewe. Akaifunga mashine, akaijaribu. Ikanguruma.

"Baba, kuanzia leo niachie mimi niwe naihudumia."

Fundi Kibwana aliichukua, akaipakata, akaanza kuifuta kwa kitambaa, taratibu, pale pale alipokwisha kufuta.