Uvimbe wa Shingoni

Nesi Marieta alishusha kola ya fundi ujenzi aliyekuja na homa, akaona uvimbe wenye tundu dogo katikati, kama la sindano.

"Nani amekuchoma shingoni?"

"Nilijichoma mwenyewe. Bima sina, na dawa ya ng'ombe ilikuwepo nyumbani."

"Haya, lakini kwa nini shingoni?"

Fundi alimshangaa. "Ng'ombe si tunawachomaga hapo?"

Marieta aligusa ule uvimbe taratibu. Ulikuwa wa moto. "Na leo kimekuleta nini?"

"Tumesikia hapa zahanati ya Buhare hata asiye na bima anatibiwa kwa bei nafuu."

"Tumesikia? Wewe na nani?"

Fundi alielekeza kidevu mlangoni. Marieta akafungua. Kwenye benchi walikuwa wamekaa mafundi saba, kila mmoja ameshika shingo.