Mgao wa Vitu vya Lusweti

Wembe wa nyanya ulikuwa umefika katikati ya kichwa changu baba mdogo aliponyanyua kompyuta ya kakangu.

"Hii nampelekea kijana wangu," alisema. "Fundi wa pale Munyaka ataifuta takataka zote."

Takataka hizo zilikuwa vipimo vya Lusweti. Kwa miaka mingi kakangu alichunguza mwanga uliotoka kwenye nyota za mbali kabla dunia haijakuwepo, ajue kama nguvu zinazoshikilia chembe za kila kitu zilikuwa zilezile wakati huo. Profesa wake alikuwa bado anavingoja vipimo hivyo.

"Kwani aligundua nini?" shangazi aliuliza.

"Kwamba nguvu hizo hazijabadilika," nikajibu.

Baba mdogo alicheka. "Kusoma kote huko, akute hakuna kilichobadilika? Si angeniuliza tu, nimwambie bure."

Waombolezaji wakacheka naye, kaburi la kakangu likiwa bado bichi. Niligutuka, wembe ukanikata juu ya sikio. Damu ikateremka shingoni, moto.

"Tulia, mama, nimalizie," nyanya akaninong'oneza.

Niliushika mkono wake, nikausogeza kando polepole.

Kwetu mgao wa vitu vya marehemu hauanzi kabla kila mtu wa nyumba yake hajanyolewa. Wote walijua, na baba mdogo kuliko wote.

Nilisimama, upande mmoja kipara, upande mmoja nywele.

"Rudisha kompyuta mezani, baba mdogo," nikasema. "Mimi sijanyolewa. Na leo sinyolewi."