Pumzi ya Mama

Jurema alirekodi sauti ya mama yake akinadi supu ya kamba sokoni mjini Belém, akaikatakata kwenye kompyuta mpakato, akaitilia ngoma iwe muziki wa kucheza. Ikatoka safi, lakini haikuchezeka.

Mlango ukafunguka. Mama alisimama pale na upawa unaochuruzika supu.

"We mtoto, huyo si mimi?"

"Ni wewe, Mama. Usinipige."

"Mbona sipumui? Kabla ya kuita huwa navuta pumzi. Umeitupa wapi?"

Jurema alikuwa ameifuta, akidhani ni kelele. Akairudisha ile pumzi fupi, nzito, ikatangulia ngoma kidogo tu. Akabonyeza kitufe, muziki ukaanza.

Chumba kizima kilitikisika. Mabega ya mama yakaanza kucheza kabla mwenyewe hajakubali.

"Ongeza sauti!" Mama akapiga kelele. "Fungua na dirisha!"