Haukukatika Tena

Chumba bado kilinuka moshi. Fundi alifuta masizi kwenye jiko la umeme, akasoma: volti mia mbili arobaini, ampea kumi. Akazidisha kichwani: wati elfu mbili na mia nne. Nyaya za chumba zilikuwa za ampea tano tu; fyuzi ya ampea tano ingekatika kabla hazijashika moto, na mama wa watu angekuwa hai.

Akafungua kisanduku cha fyuzi. Ndani, badala ya fyuzi, mlikuwa na kipande cha waya mnene, kimesokotwa kuelekea kushoto. Msokoto ule alifundishwa na baba yake. Akakichomoa, akakifumbata.

"Umeona nini, fundi?" polisi aliyesimama nyuma yake akauliza.

"Sijaona kitu, afande."

Baba yake fundi alikuwa mlangoni, akifuta machozi.

"Marehemu alilalamika umeme unakatika kila akiwasha jiko," mzee alisema. "Tangu nimtengenezee, haukukatika tena."