Mgeni kutoka Muyinga

"Magongo yabaki hapa," mlinzi wa lango la bustani alisema. "Ndani iko mashine. Ni hatari."

"Nikiyaacha, we utanibeba?" Jeska alimwuliza.

Watu wa nyuma wakacheka. Mlinzi akautazama mguu wa kushoto wa Jeska, uliopooza tangu utotoni, kisha akasogea.

Rafiki yake Adventina hakucheka. Tangu walipotoka Nyarusange kwa pikipiki mbili alikuwa kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi. Leo Longino angesema. Mwaka mzima alikuwa akipiga simu kutoka Muyinga, tangu kwaya yao ilipokwenda kuimba huko. Jeska, ambaye hakuwa na simu, alikaa karibu akisikiliza na kutia utani wake. Neno lenyewe la posa Longino hakuwahi kulitamka. Juzi tu ndipo aliposema, "Njooni Gitega, kwenye bustani ya michezo. Kuna jambo."

Msichana wa heshima haendi peke yake kuonana na mwanamume, kwa hiyo Jeska alikuja. Nyumbani, mama yake Adventina alikuwa ameshaanza kupaka kuta chokaa.

Walimkuta Longino kando ya bembea kubwa ya kuzunguka, shati limenyooshwa pasi.

"Jeska, njia ilikuwaje? Pikipiki haikukurusha?"

"Ilinirusha, nikarudi palepale."

Longino akacheka mpaka akashika tumbo. Mwanamume anayemheshimu rafiki yako atakuheshimu na wewe, Adventina aliwaza. Aliwaza hivyo bila furaha, kama mtu anayekunja nguo.

Mwenye bembea alimkataa Jeska. "Huyu hapana. Akianguka, mimi ndiye nitafungwa."

"Panda wewe, Adventina," Longino alisema. "Mi nitakaa naye."

"Panda bwana," Jeska alisema. "Ukifika juu, nisalimie malaika."

Akapanda. Kiti kilipita mabati ya soko, kikapita mikaratusi. Kwenye viti vingine watu walipiga mayowe. Yeye alitazama chini tu. Longino alikuwa ameketi kwenye majani, magongo ya Jeska yako mapajani mwake, anayapangusa vumbi kwa leso yake mwenyewe.

Anajifunza kukaa na watu wangu, Adventina aliwaza.

Aliposhuka, Longino alimwita kando, karibu na kibanda cha mishikaki. Jasho lilikuwa limemtoka usoni.

"Kwenye simu nilishindwa," alisema. "Kila nikipiga nasema ni leo, halafu naogopa."

"Sema tu," Adventina alisema.

"Nyumba nimeimaliza. Mlangoni sikuweka ngazi hata moja."

"Umefanya vizuri."

"Na mama amekubali. Ila ameniambia mambo haya mtu hajisemei, nitafute mshenga. Adventina, dada yangu, Jeska hamsikilizi mtu kama anavyokusikiliza wewe."

Kule kwenye majani Jeska alikuwa akiwapungia mkono. Adventina naye akampungia.

"Sawa," alisema. "Nitamwambia leo."